Njoo Dar kwanza, ndipo uzamie Tanganyika

Kunduchi, Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Salamu zako zimefika, na mama anakushukuru sana kwa migebuka. Niliposoma kwamba unataka kujifunza kupiga mbizi na mtungi nilifurahi mno. Furaha ikaingia doa nilipofika pale unaposema kuna kijana wa kukuazima mtungi uanze naye huko huko Kigoma. Usikubali, ndugu yangu. Mtungi ule hauna oksijeni tupu kama watu wanavyodhani, una hewa hii hii tunayovuta, imeshindiliwa tu. Kama kompresa iliyoujaza ilikuwa karibu na moshi wa jenereta, moshi huo ndio utakaouvuta ukiwa chini, wala hutaonywa na harufu.

Tena kuna pumzi. Ukiwa mita 10 chini, hewa unayovuta ina mgandamizo karibu mara mbili ya ule wa juu. Ukijaza mapafu pale kisha ukaogopa, ukapanda umebana pumzi, hewa hiyo inatanuka na kupasua mapafu. Hata mita chache zinaweza kuua. Ndiyo maana mwalimu atakurudishia maneno yale yale mpaka uyachoke: pumua, usibane, panda polepole, simama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Mwili lazima uzoee kuyafanya hayo wakati akili imeshtuka, na kijana mwenye mtungi wa kuazima hawezi kukupa mazoea hayo kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo njoo Dar, ikiwezekana kabla masika hayajachafua maji. Utaanzia bwawani: kuogelea mita 200 bila kusimama, kuelea dakika 10, kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena ukaitoa maji kwa kupuliza puani. Baadaye mtatoka kwa boti kwenda pande za visiwa vya Bongoyo au Mbudya. Cheti cha mwanzo kinakuruhusu mita 18, na hizo zinatosha kabisa hata kwa ziwa lenu lenye kina cha mita 1,470. Huko chini sana maji hayana oksijeni, samaki hawaishi. Uhai mwingi uko juu, hasa kwenye miamba, na aina nyingi za samaki wa miamba hiyo hazipatikani popote pengine duniani. Nakuonea wivu, Rehema. Utamwona kuhe akilinda watoto wake, wewe uliyezoea kumwona sahanini tu.

Ila usije ukadhani ukishajua bahari umelijua ziwa. Maji ya chumvi yanakubeba zaidi. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 80 anahitaji kupunguza kama kilo 2 za vipande vya risasi vya kumzamisha, vile vya mkanda wa kiunoni, akiingia maji baridi ya ziwa. Ukibaki na mkanda wa Bongoyo, Tanganyika itakuvuta chini kuliko ulivyopanga.

Linalonisumbua zaidi ni mwinuko, kwa sababu halionekani. Ziwa lenu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mita 300 hivi majedwali ya kawaida ya kuzamia, yale yanayosema ukae muda gani kwenye kina gani, hayafai tena. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo naitrojeni, ile gesi ya hewani iliyoingia mwilini ukiwa chini, hupata nafasi kubwa zaidi ya kutoa mapovu kwenye damu na viungo ukitoka. Kuna majedwali ya mwinuko, na kompyuta za mkononi za kuzamia nyingi hurekebishwa. Mwambie mwalimu tangu siku ya kwanza kwamba unajiandaa kwa ziwa, asije akakufundisha ya bahari peke yake. Na ukimaliza kuzamia usikimbilie ndege. Mbizi moja, subiri angalau saa 12. Mbizi kadhaa, saa 18. Barabara ya Kasulu nayo ni mlima, na treni ikifika Tabora imepanda hadi kama mita 1,200, kwa hiyo pumzika kwanza Kigoma.

Mamba na viboko unawajua kuliko mimi. Waulize wavuvi wa pale pale unapotaka kuingia, tena siku hiyo hiyo. Beba kisu kidogo kwa ajili ya nyavu zilizonasa kwenye mawe. Konokono wa kichocho hupenda kingo zenye majani na maji yaliyotulia, basi ingia kwa boti penye mwamba, na wiki 6 hadi 8 baadaye ukapime. Dawa yake, prazikwanteli, inatibu vizuri, lakini watu wengi hawapimi mpaka waanze kukojoa damu au kuumwa tumbo.

Kitu kimoja usinifiche. Utotoni ulikuwa na pumu. Nenda kwa daktari, mweleze wazi unataka kufanya nini, upate ruhusa kwa maandishi, maana fomu ya mafunzo inauliza pumu, moyo, masikio na ujauzito. Akisema hapana, bado kuna miwani na kimrija cha kupumulia juu juu, na kwa maji meupe ya Kigoma utaona mengi.

Akisema ndiyo, nitumie saizi ya mguu wako niulizie mapezi. Chumba kipo, na nauli ya kurudi tutachangia.

Wako,
Zuhura