Shukrani kwa yule mzee wa nje ya Kadhi, Malindi

Asalam aleikum wandugu. Mume wangu ni askari wa KDF, jeshi la Kenya, alipewa ruhusa fupi tu kabla ya kuripoti kozi kule Isiolo, tukasema tufunge nikaha Mahakama ya Kadhi hapa Malindi aende zake, sherehe baadaye. Shida ikawa wali, yaani msimamizi wa kuniozesha. Baba ndiye wali wangu, naye mgonjwa yuko Faza, kisiwani Pate kule Lamu, hawezi safari.

Nalia pale nje, ndo mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, una nini?" Akatoa karatasi akaandika barua ya baba kumpa ami yangu uwakala wa kuniozesha kwa niaba yake, akampigia baba simu akamsomea neno kwa neno iandikwe kule, akamwambia atie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Barua yenyewe ikaja kwa boti mpaka Mokowe, upande wa bara, ikapandishwa basi, na ni yeye aliyekwenda kuingoja stendi, juani, na umri ule! Kesho yake kakaa shahidi wetu. Pesa kakataa, kasema kahawa yatosha, na kahawa pia kalipa yeye.

Mzee wangu, jina hukunipa, ila cheti tumepata na mume kafika kozi kwa wakati. Na nyinyi mnaojua mambo ya kortini, mkiona mtu kasimama pale hajui aanzie wapi, muulizeni tu.