Mmefunga wangapi, mmefungua wangapi? Barua ya wazi kwa vijana wanaopanga meno Tanga

Wanangu madaktari, na ninyi wasaidizi wao mnaokaa mapokezi,

Marahaba. Najua mngeniamkia, basi nimeitikia mapema tuingie kwenye neno.

Mabango yenu nimeyaona. Nikitoka Chumbageni kwenda soko la Mgandini nayapita mawili, moja lina mdomo wa Mzungu ambaye sidhani kama amewahi kutia mguu Tanga. Mjukuu wangu naye kanionyesha kwenye simu, mmoja wenu anajisifu: tumefunga waya watu 100! Nilifurahi. Enzi zetu mtoto mwenye meno yaliyopandana aliambiwa azoee, au baba yake atafute nauli ya Dar. Lakini nikamuuliza mjukuu: na wamefungua wangapi? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Swali hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kupanga meno sikusomea, hayo ni yenu. Mimi nilikuwa muuguzi wa chumba cha meno, na miaka yangu ya mwisho kazini nilishika daftari la miadi na kisanduku cha pesa katika kliniki moja ya binafsi ambayo jina lake nitalihifadhi. Humo ndani ya daftari na kisanduku nimeona kliniki ikinenepa, na nimeiona ikikonda, daktari yuleyule, mikono ileile.

Anayekuja kung'oa jino mnaachana naye siku hiyohiyo. Wa waya mmeoana: mwaka mmoja na nusu, miwili, pengine na ziada, kila baada ya wiki nne hadi nane yuko kwenye kiti. Wala hakuna njia ya mkato. Jino halisukumwi kama kabati. Mfupa unalika upande linakoelekea na kujijenga upande linakotoka, na mfupa una mwendo wake. Ukivuta kwa pupa, mzizi wa jino unaweza kulika. Haya mnayajua kuliko mimi. Sasa kwa nini mmoja wenu ameandika "miezi sita tu" kana kwamba vinywa vyote ni kimoja? Mwezi wa saba mama mtu atakuwa mlangoni, na hatakuja peke yake.

Niwape kosa langu. Alikuwapo binti wa kidato cha pili, mama yake akikaanga vitumbua Makorora. Kliniki ilikuwa na amri: asiyelipa miezi miwili asionwe. Mimi ndiye niliyeitekeleza. Nilimwambia yule mama mbele ya watu waliojaa kwenye benchi, na sauti yangu naisikia mpaka leo: "Mama, ukipata ndiyo urudi." Alirudi baada ya miezi minane. Waya ya nyuma ilikuwa imechomoka inamchoma binti shavu, naye ameibandika nta ya mshumaa. Siku ya kumfungua, meno ya mbele yalikuwa na alama nyeupe kama chaki, zimezunguka pale zilipokuwa zimekaa braketi, vile vidude vinavyogandishwa kwenye jino kushika waya. Madini ya jino yameliwa na asidi ya uchafu, na alama zile hazitoki kwa mswaki. Mama hakugombana na mtu. Alimshika mwanawe mkono, akaenda zake kwenye karai lake, na kila aliyekuja kununua vitumbua akasimuliwa. Mwaka ule kutoka Makorora hatukupata mtoto hata mmoja, nasi tulikuwa tunalipia tangazo redioni.

Kwa hiyo deni na kiti visikutane. Mtoto apande kiti, waya zake zitazamwe, na wakati huo mtu wa mapokezi azungumze na mzazi pembeni, kwa sauti ya chini. Malipo ya kuanzia yabebe vifaa na picha za eksirei. Kilichobaki kigawanywe kwa miezi mnayoitarajia, kiandikwe kwenye karatasi mzazi aondoke nayo. Na mjue kipato cha mtu kinavyokuja. Mwalimu ana mwisho wa mwezi. Mkulima wa machungwa wa Muheza ana msimu, mwacheni alipe kwa msimu.

Ritena, kile kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi baada ya waya kutoka, iwe ndani ya bei hiyohiyo tangu siku ya kwanza. Baadhi yenu mnaiacha nje ili bei ionekane ndogo. Siku ya kufungua, mzazi aliyelipa miaka miwili anaambiwa bado kuna kitu kingine cha kununua. Anasema atakuja mwezi ujao. Meno hayamsubiri, yanaanza kurudi yalikotoka, na baada ya mwaka binti anatembea mjini na meno yamepinda akisema ni kazi ya kliniki yenu.

Kuhusu miadi sina mengi. Anayetoka Lushoto kaamka alfajiri, msimpe saa mbili asubuhi kisha mkamwona saa nane. Mwanafunzi wa bweni mtakuwa mnamwona likizo tu. Mkubaliane na shule kwanza, la sivyo msimfunge. Ramadhani msikae mnahesabu viti vitupu mchana. Watu wanaogopa maji yasipite kooni, nao wana haki ya kuogopa. Fungueni baada ya futari, muone benchi litakavyojaa.

Na ile karatasi ya vyakula vya kujihadhari! Nimeisoma, imetafsiriwa kutoka kwa watu wengine, inakataza vitu ambavyo mtoto wa Ngamiani hajawahi kuviona dukani. Andikeni muwa, korosho, mahindi ya kuchoma, bisi, kashata, kokwa za ubuyu, barafu ya kutafuna. Kila braketi inayong'oka ni nusu saa ya kiti isiyolipwa.

Haya, matangazo. Chema chajiuza, nami sitawakataza kukiwekea bango. Ila uso wa mtoto wa mtu si mali ya kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na habari za afya ya mtu ni katika zile zinazotakiwa kulindwa zaidi. Picha ya kabla na baada isitoke bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na akighairi iondoeni bila kumnunia. Mimi tangazo lililonishinda kwa uzuri ni neno "bado". Wenzenu wa Marekani wanashauri mtoto aangaliwe kufikia umri wa miaka 7, meno ya utoto na ya ukubwani yakiwa yamechanganyika. Aangaliwe, si afungwe. Mama akileta mwanawe, ukamwambia "bado, mlete tena mwakani, na hili jino la utoto lizibwe lisitoke mapema likapoteza nafasi ya jino la ukubwani", huyo amekwenda na jina lako mpaka kwenye shughuli za harusi. Na daktari wa Pangani au Muheza akikuletea mgonjwa, mwandikie barua ya majibu, na kusafisha na kuziba mrudishie yeye. Ukimnyang'anya, hakuletei wa pili.

Nimalizie na lililonikuta mwaka jana. Kijana alibisha hodi nyumbani kwangu na waya mdomoni, kaelekezwa na jirani kwamba hapa anakaa mama wa meno. Daktari wake alikuwa amehamia Dar, kafunga mlango, namba haipatikani, faili hajui liko wapi. Raba zimekatika, waya ya juu imelegea. Aliniuliza kama naweza kumfungua. Nikamwonyesha mikono yangu inavyotetemeka. Nikampa chai, nikamwandikia kijikaratasi cha kwenda nacho hospitali ya Bombo, na alipofika mlangoni akageuka kuniuliza kama pesa alizokwisha lipa zitahesabiwa huko.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Chumbageni, Tanga