Asante kaka wa dukani, umeniokolea madirisha

Jamani yule kaka tuliyekutana kwenye foleni, jina hata sikuuliza, asante sana aisee. Mi nshaandika oda ya madirisha kwa kipimo kimoja tu cha katikati, ukanambia rudi kapime upana juu, katikati na chini afu uchukue kile kidogo kuliko vyote. Nikarudi na tepu nikinung'unika, kumbe chini ukuta umebana kwa sentimita 1 na nusu, fremu ingegoma kabisa! Na lile la kuslaidi nililong'ang'ania la chumbani ukasema linafunguka nusu tu, nkaweka la bawaba, saa hizi napoandika pazia linapepea hadi linanipiga usoni. Ukiisoma hii jua nina deni lako.