Zuhura, kabla hujafungua begi

Mwanangu Zuhura, salaam.

Ratiba ya safari yenu ya Japani, kwenye pwani iliyopigwa na tsunami mwaka 2011, nimeisoma yote. Sendai, Ishinomaki, Rikuzentakata, mpaka Kamaishi. Chakula mmeandika, basi mmeandika, hata saa za kuoga. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kila mnapolala mlima wa kukimbilia wimbi uko upande gani. Umechaguliwa katibu wa kundi, hongera, majirani wote nimewatangazia. Sasa katibu gani anasahau hilo?

Ukifika nyumba ya wageni, kabla hujafungua begi, muulize mwenyeji: hapa tunakimbilia wapi? Kisha iendee njia hiyo kwa miguu, mchana na usiku, uhesabu dakika. Fuata kibao cha kijani chenye mtu anayekimbia wimbi akipanda mlima. Usije ukakimbilia jengo la kuhifadhia watu baada ya maafa. Unosumai, huko Kamaishi, mwaka 2011 wengi walikimbilia kituo cha namna hiyo kilichokuwa bondeni, wakafia humo.

King'ora usikisubiri. Siku ile ya Machi 11, 2011, tangazo la kwanza lilitaja wimbi la mita 6 mkoa wa Miyagi na mita 3 mkoa wa Iwate, na waliokuwa na ukuta wa kuzuia bahari mrefu kuliko hapo wakajiona wako salama. Baadaye likapandishwa hadi zaidi ya mita 10, lakini umeme ulishakatika, wengi hawakulisikia. Wala usipime kwa nguvu ya tetemeko. Mwaka 1896 pwani hiyohiyo ilitikisika taratibu tu, na wimbi lililofuata likaua watu wapatao 22,000. Tazama muda: ardhi ikitikisika dakika nzima, hata kidogo kidogo, wewe panda. Usimngoje mwenzako anayetafuta simu. Na wimbi la kwanza likipita usishuke, yanayofuata huweza kuwa makubwa zaidi, na hatari hukaa saa nyingi.

Kuogelea hujui, na najua utasema ni nani aliyekukataza kwenda baharini na wenzako. Huko hata anayejua hakumfai kitu. Maji yanakuja na magari, magogo na mapaa ya nyumba. Tena usinijibu kwamba naogopa mambo ya mbali. Lile wimbi la Sumatra la 2004 lilifika mpaka Dar es Salaam, likaua waogeleaji.

Magofu ya shule ya msingi ya Okawa, huko Ishinomaki, yako karibu kilomita 4 kutoka baharini. Siku ile maji yalipanda na mto Kitakami. Watoto 74 na walimu 10 walikufa au hawakuonekana tena, na kilima kiko pale pale nyuma ya shule; walikaa uwanjani takriban dakika 50 kabla ya kuondoka. Msimulizi atakayewapokea hapo anaweza kuwa mzazi wa mmoja wao. Usimuulize amempoteza nani, akitaka atasema mwenyewe. Simu ikae mfukoni mpaka aruhusu picha, na zile picha zenu za kujipiga mkicheka, hapo hapana. Ada yake itieni kwenye bahasha, noti safi. Chaza na mwani nunueni kwa wavuvi wenyewe, msile vya kubeba kutoka Tokyo. Ziara inayolala mjini haiwaachii wenyeji kitu.

Viatu huachwa mlangoni, ndiyo desturi yao. Kwa hiyo beba raba safi za pili, uziweke kando ya godoro pamoja na tochi, maji na pasipoti, maana vioo vikivunjika utakanyaga nini? Simu zikigoma, namba 171 hurekodi ujumbe wa sauti. Wafundishe na wenzako. Na mlima, Zuhura, uuulize kila mnapohama, si siku ya kwanza tu.

Hapa tangi bado linavuja, baba yako kanunua gundi isiyoshika. Ada ya mdogo wako tumelipa nusu. Lile sanduku la bluu zipu yake imekufa, usilichukue; kaka yako atakuletea lake Jumamosi. Anataka umletee saa, mwambie atume hela kwanza.

Mama yako