Tairi kubwa bila kugusa difu ni kazi nusu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Habari ya kuvisha pikapu tairi kubwa kwa kawaida huishia kwenye springi, nafasi ya tairi chini ya bodi na jinsi gari linavyopendeza. Difu, yaani lile boksi la meno katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, haitajwi. Mwenye gari huja kushtuka baadaye: gia ya tano haivuti, kilima alichokuwa akikipanda kwa gia ya nne sasa anateremka hadi ya tatu, klachi inanuka, na kila anayemuuliza anamwambia injini imechoka. Injini ni nzima. Tairi ndiyo gia ya mwisho kabisa ya gari, na yeye ameibadilisha bila kujua.

Hesabu yake si ngumu. Tairi ya 265/70R16 ina ubavu wa milimita 185.5, yaani asilimia 70 ya 265. Zidisha kwa mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406.4, unapata kipenyo cha milimita 777. Ya 315/75R16 kwa hesabu hiyohiyo inafika 879. Gawanya 879 kwa 777, jibu ni 1.13. Kama difu yako ni 4.10, yaani propela (shafti inayoleta nguvu kwenye difu) huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu, zidisha kwa 1.13: unahitaji 4.63 ili gari lirudi lilivyokuwa.

Namba za ubavuni, hata hivyo, ni za kwenye karatasi. Tairi nyingi hupungua kidogo kuliko zilivyoandikwa, na zikibeba uzito hubonyea. Njia ya uhakika ni chaki: weka alama kwenye tairi na chini ya alama hiyo sakafuni, sukuma gari mpaka tairi imalize mzunguko mmoja, pima umbali, gawanya kwa 3.14. Pima tairi ya zamani na mpya kwa namna ileile moja, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti.

Na difu yako ni namba ngapi? Usimwamini aliyekuuzia gari. Weka kuni au mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini, gia iwe huru, inua gurudumu moja la nyuma na uweke stendi. Lizungushe mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Kwa difu ya kawaida isiyo na loki (kifungo kinachoyalazimisha magurudumu mawili kuzunguka pamoja), propela ikizunguka mara 41 basi una 4.10. Ni mara 20 na si 10 kwa sababu gurudumu la pili limesimama, hivyo kraunwili, gia kubwa ya duara iliyo ndani ya difu, inakwenda nusu ya mwendo wa gurudumu unalolizungusha.

Hakuna atakayekuuzia 4.63. Namba hizi hutokana na meno: 41 ya kraunwili kwa 10 ya pinioni (gia ndogo inayoisukuma) ni 4.10, 41 kwa 9 ni 4.56, 39 kwa 8 ni 4.88. Kwa mfano wetu, chaguo ni kati ya hizo mbili za mwisho. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya moja kwa moja, ambayo injini na propela huzunguka sawa, gari la awali lilizungusha injini karibu mara 2,800 kwa dakika. Tairi kubwa peke yake huishusha hadi 2,475 hivi. Ukiweka 4.56 unarudi 2,750, ukiweka 4.88 unafika 2,940. Sisi humshauri abebaye mzigo, au avaaye tairi nzito za matope, achukue 4.88, maana hesabu ya kipenyo haioni uzito wa tairi, na tairi nzito hula nguvu kila unapoondoka na kila unapofunga breki. Anayekwenda barabara ndefu bila mzigo abaki na 4.56. Na kama umetoka 265/70 ukaingia 265/75 tu, ongezeko ni kama asilimia 3.4: acha difu ilivyo, utapoteza fedha bure.

Wenye giaboksi ya otomatiki ndio wanaoumia kimyakimya. Gia inapanda na kushuka bila kutulia, kigeuza nguvu (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kinakosa kujifunga, oili ya giaboksi inachemka. Mwenye manyua angalau anasikia klachi ikinung'unika.

Spidomita nayo inadanganya. Ukisoma 100 juu ya tairi hizo, gari linakwenda 113. Gari linalosomea mwendo kwenye giaboksi hujirekebisha karibu lote kwa kubadilisha difu. Linalosomea kwenye sensa za magurudumu halitajali umeweka difu gani, lazima kompyuta ipewe kipimo cha tairi mpya.

Kwa foowili, difu zote mbili zibadilishwe, ya mbele na ya nyuma. Kuna wanaobadilisha ya nyuma na kusema ya mbele "haitumiki sana". Siku watakapoiingiza kwenye ardhi ngumu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana kwa tofauti ya asilimia 11, na kitakachokatika ni chochote kilicho dhaifu kati ya transifa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na hafshafti (shafti za kwenda magurudumuni). Mbele 4.10 na nyuma 4.11 hakuna neno. Mbele 4.10 na nyuma 4.56 ni kuvunja gari.

Kabla ya kununua, uliza pia kuhusu nyumba ya difu, ile inayofungiwa kraunwili. Namba ikipanda, pinioni huwa nyembamba na kraunwili lazima isogee kuifuata. Kwenye ekseli ya Dana 44, kwa mfano, nyumba ya 3.73 kushuka chini si ile ya 3.92 kupanda juu. Ukikosea hapo, meno hayafikiani.

Sasa ufungaji, ambako ndiko difu nyingi mpya hufia. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huandikwa namba moja. Namba zisipofanana, rudisha dukani. Vifuniko vya beringi za pembeni vitiwe alama kabla ya kufunguliwa: cha kushoto kibaki kushoto, na juu yake ibaki juu. Kraunwili ikikaza kuingia, ipashe moto kidogo, kiasi cha maji yanayochemka, wala usiivute kwa bolti. Bolti ziwe mpya, zitiwe gundi ya nyuzi na kukazwa kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, kwa spana ya kupimia.

Shimu ya pinioni, kile kibati chembamba kinachoisogeza ndani au nje, anza na unene uliotoka kwenye pinioni ya zamani, kisha weka plei ya meno, yaani nafasi ndogo kati ya meno yanayokutana, kwa pikapu nyingi milimita 0.13 hadi 0.20. Pima kwa geji ya saa sehemu nne kuzunguka kraunwili. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.05, kuna uchafu chini ya kraunwili au nyumba imepinda. Halafu, ili uone meno yanagusana wapi, paka rangi meno matatu au manne, shikilia kraunwili kwa kipande cha mbao ili izunguke kwa uzito, zungusha huku na huku. Alama ikilala kwenye shina la jino, pinioni imeingia sana. Ikikaa kwenye ncha, iko mbali. Badilisha shimu kwa 0.05 au 0.10, rekebisha plei tena, paka tena. Mara nne au tano ni kawaida. Fundi anayemaliza kwa mara moja ama ana bahati ama hakupaka rangi.

Bushi ya kubonyea iliyo kati ya beringi za pinioni iwekwe mwisho, alama zikisharidhisha. Nunua mbili. Nati hukazwa kidogokidogo huku ukipima ugumu wa kuzunguka kwa spana ndogo ya mshale, maana spana kubwa haisomi nguvu ya Nm 1 hadi 3, na kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Ukipitiliza, usilegeze nati. Bushi ikishabonyea hairudi, nati itakosa mvutano, pinioni itaanza kutembea, na meno yatavuma. Toa, weka ile ya pili.

Safari za kwanza ziwe fupi, dakika 20 hivi bila papara, kisha difu ipoe kabisa, urudie mara kadhaa. Usivute trela kabla ya kilomita 800, na zikitimia mwaga oili uweke nyingine ya GL-5 (daraja la oili ya difu). Unga wa fedha kwenye sumaku usikutishe, vipande vikutishe.

Ikivuma ukikanyaga mafuta tu, au ukiachia tu, meno hayajakaa sawa. Ikinguruma muda wote, tazama beringi. Utaambiwa kuwa itajizoesha. Haijizoeshi. Kwa hiyo, kabla kifuniko hakijarudishwa, mwambie fundi akupigie picha ya alama za rangi kwenye meno, pande zote mbili, na akuandikie plei aliyoiacha kwa milimita.

Wasomaji wako,
Mafundi wa difu na giaboksi