Tii ya renji yenu haitaki mbolea, inataka nafasi

Simu tunayopigiwa sana na kamati za klabu za gofu hapa Nairobi ni hii: tii ya renji, yaani ile sehemu ya nyasi ambapo wachezaji wanafanyia mazoezi ya kupiga mipira, imebaki udongo mtupu, tuweke mbolea gani? Tungeweza kuwauzia hiyo mbolea tukaenda zetu, lakini hebu tupige hesabu kwanza.

Chukua tii ya mita 30 kwa 10, hiyo ni mita 300 za mraba. Siku moja waje watu 60, kila mtu na kikapu chake cha mipira 50, hapo ni mipigo 3,000, tuseme nusu yake ni ya aironi, ile fimbo ya kichwa cha chuma, na kila pigo la aironi linang'oa kipande cha nyasi kama kiganja, sentimita 10 kwa 15. Hizo ni mita 22 na kitu zinazoondoka kila siku, yaani ndani ya wiki mbili tii yote imeisha, na nyasi nazo zikijitahidi sana zinataka wiki nne kuziba kidonda. Kikuyu ni nyasi ya hapa hapa nyanda za juu, inatambaa balaa, lakini hata yenyewe haiwezi hiyo mbio. Kwa watu hao mnahitaji mita 600 na zaidi, basi.

Kupanua tii si kumwaga lori la udongo pembeni na kupanda juu yake. Tunabandua nyasi nzuri iliyopo tuitumie tena, tunachimba, na kama mko upande wa black cotton, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, hapo ndipo pesa yenu inaenda kweli, maana ule udongo mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka, tii mliyosawazisha Februari inakuwa mawimbi Juni. Unatolewa, inaingia kokoto na bomba za kutoa maji, kisha mchanga uliochanganywa na udongo mwekundu. Mteremko tunaacha asilimia 1 tu, kwa upana wa mita 10 upande mmoja unashuka sentimita 10, mchezaji hausikii mguuni ila maji yanausikia.

Kuchimba ni Januari na Februari, kupanda Machi mvua ndefu zikianza. Wachezaji wapigie kwenye mikeka wiki nane hivi, najua watalalamika. Kuna kazi moja tuliifungua wiki ya tatu kwa sababu ya mashindano, tukashindwa kusema hapana, nyasi ikavutika kama zulia na tukairudia kwa hasara yetu, so siku hizi tarehe ya kufungua tunaiandika kwenye mkataba.

Jambo moja la bure, halihitaji sisi: waambieni wachezaji kila mpira uwekwe nyuma kidogo tu ya kidonda cha mpira uliopita, kitoke kimstari kimoja, na kati ya mstari na mstari kibaki kiukanda cha nyasi hai. Wengi wanapiga huku na kule kama kuku anayeparua. Kikibaki kile kiukanda, nyasi inatambaa kutoka pande zote mbili.

Mkitaka tuje kupima, tuambieni tu siku yenu ya watu wengi, tunataka kuja hiyo hiyo.