Fomu ya shule na mzazi "asiyesoma"

Mhariri,

Juzi jirani yangu hapa Langoni aliniletea fomu ya mwanawe anayeingia sekondari nimsaidie kuijaza. Tulipofika kwenye kiwango cha elimu cha mzazi, palikuwa na msingi, sekondari, chuo, na mwisho kabisa "hakuna". Akasema, "Mwalimu, tia hakuna. Mimi sikusoma." Nikatia.

Bwana huyu ni fundi wa vyombo vya baharini, mzaliwa wa kijiji cha Matondoni. Kurani aliikhitimu kabla hajaota ndevu, na hesabu zake za mbao huziandika kwa herufi za Kiarabu. Jahazi huliunda bila mchoro wowote: huulaza mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa ya chombo, akauangalia kwa jicho moja, kisha akatafuta mti uliojipinda wenyewe uwe taruma, yaani ubavu wa chombo. Siku moja nilimwona akigonga gogo kwa kisigino cha tezo, chombo chake cha kuchongea mbao, akatega sikio, akaamuru lirudishwe. Wanawe wawili walikuwa pembeni wanatazama, kimya.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, aliyefariki 1917, aliiona elimu kuwa ni kazi ya wakubwa kuwaingiza wadogo katika jamii yao. Kwa kipimo hicho, pale ufukweni palikuwa darasani. Baada yake akaja Mfaransa mwingine, Pierre Bourdieu, mwana wa mtu wa posta wa kijijini, akatoa hoja inayouma zaidi: shule huchukua alichorithi mtoto kwao, lugha, vitabu, namna ya kusema, ikakiita kipaji. Asiyerithi hivyo huambiwa hana akili, na ubaya wake ni kwamba yeye mwenyewe husadiki.

Tulipouaga mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, tuliahidiwa kwamba mtaala mpya wa umilisi (CBC) utaheshimu ujuzi. Mtoto wa fundi alipotakiwa afanye mradi nyumbani, alichonga jahazi dogo, mataruma yote mahali pake, hata kalafati ya kuziba nyufa akalitia. Akarudi na "anakaribia matarajio". Kilichokosekana ni ukurasa wa jalada uliopigwa chapa. Mwenzake mwenye kompyuta kwao alipeleka picha za majahazi kutoka kwenye intaneti, naye akazidi matarajio.

Silisemi hili kwa kuichukia shule. Nimeshika chaki miaka mingi, na nilikuwapo ada ya msingi ilipofutwa mwaka 2003, madarasa yakafurika watoto ambao zamani wangebaki nyumbani. Tena bandari ya Kililana, hapa kwetu Lamu, inafanya kazi tangu 2021, na pale getini huulizwa cheti, haulizwi mtu kama anajua kusikiliza gogo. Vyeti vinatakiwa, na watoto wetu wavipate.

Lakini shule ingepungukiwa na nini ikimwita fundi huyo asubuhi moja kwa muhula, awafundishe watoto pembe na vipimo akiwa na tezo mkononi? Walimu wa hesabu wangemfaidi pia, nami ningekuwa wa kwanza kukaa dawatini.

Fomu tuliipeleka Jumatatu. Pembeni mwa ile "hakuna" nilikuwa nimeongeza kwa kalamu: fundi wa majahazi. Karani akaitazama, akatazama kompyuta yake, akaniuliza hilo aliingize wapi.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu